Ukifungua, Tia Sahihi

Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha kazi ya seva alinijia nyumbani na karatasi tano zilizobanwa kwa pini. Amepata kazi ya kujenga mfumo wa barua pepe wa kampuni yenye wafanyakazi wapatao mia na ishirini, na karatasi zile zilieleza mteja anataka nini. Aliomba nizipitie kabla hajaanza. Nikasoma taratibu: ukubwa wa sanduku la kila mtu, kinga dhidi ya virusi na barua taka, nakala za akiba kila usiku. Nilipofika kipengele cha kumi na nne nikaziweka karatasi mezani. Kilisema msimamizi wa mfumo aweze kusoma barua zote zinazoingia na kutoka, bila mwenye sanduku kujua.

"Hicho chepesi, Mwalimu," kijana akaniambia. "Ni mstari mmoja tu."

Alisema kweli. Ni mstari mmoja, na mimi niliwahi kuuandika. Siku hizi kila ofisi nchini inatakiwa na sheria ijieleze inafanya nini na taarifa za watu, na vijana kama huyu ndio wanaopewa kazi ya kujenga mifumo. Naona ni haki wajue mstari ule ulinifikisha wapi.

Mwaka 2006 nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa mgao mkali wa umeme. Jenereta ilinguruma uani tangu asubuhi, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuangalia kama seva imesalimika usiku. Mkongo wa baharini ulikuwa haujatufikia. SEACOM ilikuja kutua Dar es Salaam mwaka 2009. Sisi tulikuwa na dishi juu ya paa na laini ya satelaiti ya kilobiti 128 kwa sekunde, wafanyakazi arobaini na watatu tukigawana. Hata hivyo, kwa wengi wetu kompyuta ya ofisini ndiyo iliyokuwa mlango pekee wa intaneti. Nyumbani haikuwepo, na kwenye kafe ulilipia kila dakika. Basi anwani ya kazini ilibeba yote: hati za shehena na ankara, na humohumo habari za mgonjwa kijijini, ada za watoto na mipango ya posa.

Jioni moja mkurugenzi akaniita. Kampuni ilikuwa imeshindwa zabuni tatu mfululizo kwa tofauti ndogo sana, na aliamini kuna mtu anawapelekea washindani bei zetu. Hofu yake haikuwa ya bure. Watu arobaini na watatu na familia zao walikula kwa zabuni zile. Akaniuliza kama naweza kumpatia nakala ya kila barua inayopita. Nikasema naweza. Sikuuliza ni kwa muda gani, wala nani atazisoma, wala wenye barua wataambiwa nini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na nilifurahi kuulizwa jambo ninaloliweza.

Tulitumia Postfix, programu ya kupokea na kusafirisha barua iliyobuniwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998. Katika faili lake la mipangilio kuna kipengele kinachoitwa always_bcc. Ukikiandikia anwani, kila barua inayopita kwenye seva huzaa pacha anayekwenda kwenye anwani hiyo. Aliyeandika haoni kitu, aliyeandikiwa haoni kitu. Niliandika mstari ule saa moja na nusu usiku, ofisi ikiwa tupu, nikaiamuru programu isome mipangilio upya. Nikajitumia barua ya majaribio. Ikafika kwangu, ikafika pia kwenye sanduku jipya nililolipa jina "ukaguzi". Nikazima taa, nikaenda kupanda daladala.

Zilipita barua kama mia sita kwa siku. Mkurugenzi alizisoma siku mbili, ya tatu akachoka, ya nne akanikabidhi nywila. "Zipitie wewe," akasema, "ukiona jambo uniambie." Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza, ingawa sikulitambua wakati ule. Aliyeomba kuona alikuwa mwenye kampuni, mtu mwenye hasara na sababu. Aliyebaki akiona ni fundi wa kompyuta, asiye na kiapo, asiye na mafunzo, asiyeulizwa na mtu. Tangu hapo, kila nikikuta neno "msimamizi" kwenye mpango wa mfumo, huuliza ni nani hasa, kwa cheo chake, na ni nani atakayekaa kwenye kiti kile mwenye shida akishachoka. Uwezo wa kusoma barua za watu haukai kwa aliyeuomba. Huteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtu mwenye nafasi ya kuutumia.

Somo la pili lilinijia kwa dada mmoja wa ofisini. Nimebadilisha mambo mawili matatu ya habari yake ili asitambulike, maana nilishamkosea mara moja na inatosha. Alikuwa amemwandikia ndugu yake wa mbali kwamba ameanza dawa ambazo atazimeza maisha yake yote, kwamba mumewe bado hajui, na kwamba vidonge anavificha ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilifika mstari wa tatu ndipo nikaelewa ninasoma nini. Ningeweza kuacha. Sikuacha, nilisoma mpaka chini.

Kesho yake nikamkuta jikoni akimimina chai. "Kaka, vijiko viwili kama kawaida?" Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na kopo la maziwa, la ofisi, la kawaida kabisa, nami sikuweza kulitazama. Tangu siku ile nikaanza kumbebea maboksi ya karatasi, kumwambia aende nyumbani mapema, kumtetea hata pasipo haja. Baada ya wiki chache akanisimamisha kwenye ngazi. "Mbona siku hizi unanihurumia?" Nikatafuta la kusema, nikakosa. Akaniangalia kwa muda, halafu akashuka zake. Mpaka naondoka pale hatukurudi kuongea kama zamani.

Watu husema anayesoma barua kimya hamdhuru mtu, mradi hasemi. Mimi sikumwambia mtu, na siri yake ilitoka vilevile. Ilitoka kwenye sauti yangu na kwenye namna nilivyopokea kikombe. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua nani amwonee huruma na lini, na haki ile nilimnyang'anya nikiwa nimekaa kimya kitini pangu.

Somo la tatu lilimgharimu mtu kazi. Mkurugenzi alitaka nitafute, katika barua zote zilizokusanyika, jina la kampuni moja mshindani. Likatokea kwenye barua ya karani kijana aliyemwandikia rafiki yake anayefanya kazi huko. Maneno yalikuwa machache: ile milioni moja na laki nane imekamilika, tukutane Ijumaa nikukabidhi. Nilichapisha ukurasa ule mwenyewe na kuupeleka juu mwenyewe. Alasiri hiyo hiyo karani akaachishwa kazi.

Hakuambiwa kwa nini hasa. Hakuweza kuambiwa, kwa sababu kumwonyesha barua kungekuwa kuitangazia ofisi nzima kwamba barua zao zinasomwa. Aliambiwa tu kwamba kampuni imekosa imani naye. Nilipokwenda kutoa kompyuta yake nilikuta kwenye droo bunda la kadi za mchango wa harusi, zimefungwa kwa mpira, na orodha ya majina yenye alama ya vema kwa kila aliyelipa. Mwisho wa orodha palikuwa na jumla, milioni moja na laki nane. Rafiki yule wa kampuni ya pili alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi.

Nilipanda tena juu na bunda lile mkononi. Mkurugenzi alilitazama, akasema uamuzi umeshatoka. Miezi minne baadaye ikajulikana bei zetu zilikuwa zikipita wapi. Rasimu za zabuni zilizoharibika zilitupwa kwenye boksi kando ya mashine ya fotokopi, na boksi hilo liliuzwa kwa kilo kila mwisho wa mwezi kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Hakuna hata barua pepe moja iliyohusika. Mkurugenzi alimtafuta karani arudi. Hakurudi, na sikumlaumu.

Nilijifunza kwamba ushahidi wa siri hauna wa kuujibu. Karani yule angepewa dakika mbili na karatasi ile, angecheka, angefungua droo. Mfumo unaoficha kwamba unatazama humnyima mtuhumiwa dakika mbili hizo. Humdanganya hata mwenye mfumo, kwa sababu anayetafuta mwizi katika barua elfu kadhaa hakosi sentensi inayofanana na wizi.

Mwaka uliofuata diski ya gigabaiti 80 iliyobeba sanduku la "ukaguzi" ikajaa. Mkurugenzi akaniambia niitoe, niiweke mahali salama, nifunge nyingine. Nikaitoa, nikaiviringisha kwenye gazeti, nikaitia kwenye boksi langu la vifaa. Hilo nitalirudia.

Mwishoni mwa 2007 nilipanda basi Ubungo kwenda Muheza kumwona shangazi. Alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya masjala katika ofisi ya serikali, na sasa alikaa na michungwa yake. Usiku, baada ya kula, nikamweleza yote. Barua pepe hakuwa amewahi kuitumia, lakini hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaanza kunieleza masjala inavyokwenda, kama anayemfundisha karani mpya.

Kila barua inayoingia inaandikwa daftarini: imetoka wapi, inakwenda kwa nani, tarehe gani, faili gani. Inayotoka inaingia kwenye kitabu cha tarishi, na anayeipokea anatia sahihi. Ukitaka kujua kama barua ilifika, unafungua daftari, hufungui barua. Bahasha yenye mhuri wa SIRI inakwenda kwa mwenyewe ilivyo, na iliyoandikwa BINAFSI vivyo hivyo.

"Na ikitokea ukafungua kwa bahati mbaya?" nikamwuliza.

"Unaifunga palepale. Unaandika juu yake: imefunguliwa kwa makosa. Unaweka jina lako, saa na tarehe, unatia sahihi, ndipo unaipeleka." Akamenya chungwa, ganda likatoka refu bila kukatika. "Na wewe mwanangu, ukifungua, unatia sahihi wapi?"

Sikulala vizuri usiku ule. Katika mfumo wangu kila mtu aliacha alama isipokuwa mimi. Aliyeandika alionekana, aliyeandikiwa alionekana, saa na dakika zilionekana, lakini msomaji alipita bila nyayo. Swali la shangazi lilinifumbua macho kwa jambo jingine pia, ambalo fundi wa barua pepe hana udhuru wa kutolijua. Kanuni ya kusafirisha barua pepe, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, hufanya kazi kama masjala. Kwanza seva hupewa jina la mtumaji na la mpokeaji, na mafundi wenyewe huita sehemu hiyo bahasha. Baadaye ndipo barua yenyewe hupita. Postfix huandika kumbukumbu ya kila bahasha bila kuombwa: imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, saa ngapi, ina uzito gani, imefika au imerudi. Yaliyomo haiyagusi. Daftari la shangazi lilikuwa ndani ya seva yangu tangu siku ya kwanza, nami nililiruka nikaenda moja kwa moja kuchana bahasha.

Niliporudi Dar nikamwomba mkurugenzi ruhusa ya kuufuta mstari ule. "Ufute tu," akasema. "Sanduku lile sijalifungua tangu mwaka jana." Kumbe kwa zaidi ya mwaka mzima msomaji alikuwa mmoja tu. Nikaufuta. Mwaka 2008 nikaacha kazi pale.

Mwaka 2011 nikaajiriwa na chuo kimoja kujenga mfumo wa barua kuanzia msingi, na safari hii nikaanza na karatasi kabla ya seva. Tuliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kila mfanyakazi akausoma na kuusaini siku ya kupewa anwani. Ulisema chuo kinatunza daftari la bahasha kwa siku 90 na kisha linafutwa. Ulisema programu inapekua viambatisho kutafuta virusi, na kwamba hakuna binadamu anayesoma barua ya mtu ila kwa sababu iliyoandikwa. Nakala za akiba zilifungwa kwa ufunguo ambao nywila yake tuliikata vipande viwili. Kimoja alikishika mkuu wa utumishi, cha pili kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mimi msimamizi sikuwa na hata kimoja. Juu ya kabati tukaweka kauntabuku lenye jalada jeusi: nani kafungua, sanduku la nani, anatafuta nini, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi.

Wakubwa wengine waliogopa kwamba mfumo wa namna hiyo hautakamata mtu. Mwaka 2013 daftari peke yake likatuokoa. Nikipitia bahasha za idara ya uhasibu niliona barua zinakwenda kwa muuzaji wa vifaa vya maabara tuliyemzoea, ila kwenye anwani yake herufi "n" zimekuwa mbili badala ya moja. Mtu alikuwa amejifanya yeye na kuleta akaunti mpya ya benki. Malipo yakasimamishwa asubuhi hiyo. Sikusoma hata sentensi moja ya mtu.

Mara nyingine ikabidi kufungua. Mhasibu mmoja alipata ajali ya pikipiki akalazwa, na mkataba uliotakiwa siku hiyo ulikuwa kwenye sanduku lake. Wakaja wenye vipande viwili, tukatafuta jina la mkandarasi peke yake, tukachukua barua ile tukafunga. Dakika kumi na moja, zikaandikwa. Baada ya miezi mitatu akarudi kazini na magongo, nikamwonyesha ukurasa. Akausoma mstari kwa mstari, akaomba kalamu, akaandika chini yake: nimeona. Akatia sahihi yake. Kisha tukaenda kunywa chai, nami niliweza kumtazama usoni.

Baadaye nilisoma kesi ya Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa Romania. Mwajiri wake alifuatilia ujumbe wake wa Yahoo Messenger mwaka 2007, mwaka uleule diski yangu ilipojaa, akamwonyesha kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwemo aliyofanya na kaka yake na mchumba wake, kisha akamwachisha kazi. Kanuni za ofisi zilikataza matumizi binafsi, na hilo alilijua. Lakini tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa kura 11 dhidi ya 6, ilisema haki yake haikulindwa. Miongoni mwa maswali yake: je, aliambiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiasi gani? Palikuwa na sababu ya kweli? Haikuwepo njia nyepesi zaidi kuliko kusoma yaliyomo? Majaji hawakukataza mwajiri kulinda mali yake. Walitaka aeleze.

Kwetu pia msingi upo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kusudi lake, asizitumie kwa jingine, na asizikalie kupita haja. Wenzetu wa Kenya walipata yao mwaka 2019. Nikizisoma sheria hizi, sehemu kubwa naisikia kwa sauti ya shangazi.

Ndipo nirudi kwenye diski. Kijana alipokuwa bado ameshika karatasi zake, nilikwenda chumbani nikavuta boksi la vifaa chini ya kitanda. Ilikuwa palepale, ndani ya gazeti la zamani. Nilihama nayo nyumba tatu. Hakuna aliyeiuliza, wala mimi sikuwahi kuiwasha, lakini mle mlikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa maisha ya watu arobaini na watatu: kopo la maziwa, michango ya harusi, na barua za watu ambao huenda wengine hawapo tena duniani. Wenyewe hawakujua kwamba nakala zile zipo. Kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja aliyeweza kudai zifutwe.

Tukaipeleka kwa seremala wa jirani. Akaibana mezani, akaitoboa matundu saba kwa mashine yake, sahani ndani zikapasuka. Tuliporudi nikatoa kauntabuku jipya, nikaandika tarehe, nikaandika kilichokuwemo, kilikusanywa mwaka gani, na kwamba kilikusanywa bila wenyewe kujua. Chini yake nikaandika jina langu na kutia sahihi. Ilikuwa sahihi yangu ya kwanza juu ya barua zile. Kijana akatia yake kama shahidi.

Kisha akavuta karatasi zake, akafika kipengele cha kumi na nne, akakata kwa kalamu maneno "bila mwenye sanduku kujua". Nafasi ikabaki wazi.

"Sasa hapa niandike nini, Mwalimu?"

Nikamsogezea kauntabuku, wino wa sahihi zetu ukiwa bado mbichi.